Gari la Mkate

Eilif alilinunua kwa mwokaji aliyefilisika,
gari la kusambazia mikate, mlango wa kuburuta,
akaliingiza bandani, akalikeshea miaka miwili:
kitanda hapa, sinki pale, rafu ya vikombe sita
ingawa sisi ni wawili na wageni hatuna.
Mimi nilishika tochi tu, na ulimi.
Nyumba yenye magurudumu, niliwaza, haina msingi.

Mwezi wa pili tukafunga safari ya kaskazini, kwa dada yangu Gunnvor,
aliyesema kwenye simu: njooni,
usiku kijani kinacheza angani,
njooni kabla sijafanyiwa goti.

Chini ya Saltfjellet kizuizi kilikuwa kimelala barabarani,
mkono mwekundu na mweupe, na taa inayokonyeza
kama mtu mwenye siri asiyetaka kuisema.
Theluji haikuwa ikianguka. Ilikuwa ikipita,
ubavuubavu, na haraka zake,
kama imeitwa mahali na imechelewa.
Wipa ziliganda zimeinua mikono.

Mwanamke wa idara ya barabara, nyusi zimeota barafu,
akaja dirishani: "Mlima umefungwa.
Labda alfajiri. Labda."
Hiyo labda ya pili ndiyo iliyonikaa kooni.

Saa tatu usiku hita ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.
Eilif akaigonga kwa bisibisi, akaibembeleza,
akaiita mpenzi. Nilisikia.
Kisha akasema, bila kugeuka:
"Dizeli ya hita. Nilidhani wewe."
Na mimi: "Nilidhani wewe."
Miaka thelathini na minane ya ndoa
inaenea yote ndani ya maneno hayo mawili,
na nafasi ikabaki.

Tulilala na makoti, na kofia, tumepeana migongo.
Maji ya kikombeni yalifanya utando, utando ukawa kifuniko.
Upepo ulilitikisa gari kama mtu
anayetafuta sarafu ya mwisho katika kibubu cha mtoto.

Mlango ukagongwa.
Dereva wa lori, Mlithuania, Vytenis,
ndevu zimezeeka kwa usiku mmoja,
mkono huu galoni, mkono huu mfuko wa machenza.
Kinorwe chake kilikuwa na vitenzi vitatu. Vilitosha.
Eilif akamimina, mikono ikimtetemeka,
nikamshikia tochi. Ulimi niliuacha kitandani.

Hita ikawaka.
Tukakaa watatu tumebanana, maganda juu ya magoti,
na gari lilipopata joto mbao zake zikashusha pumzi:
mkate.
Si mkate wa leo. Mikate ya alfajiri zote
ambazo gari hili lilizunguka nazo mji uliolala,
ngano, shayiri, iliki ya maandazi ya Jumamosi.
Kumbe ilikuwa imejificha humo,
chini ya rangi ya Eilif, chini ya manung'uniko yangu.
Vytenis alinusa, akasema neno kwa lugha yake,
akavua kofia.

Saa kumi na moja alfajiri tukapangwa msururu
nyuma ya katapila la kusukuma theluji,
kila mmoja ameng'ang'ania taa nyekundu za mwenziwe.
Kilomita saba. Kisha weupe ukajifunga,
mbele na nyuma zikawa kitu kimoja,
na redio ikasema turudi.
Tukarudi. Kizuizi kilekile. Taa ileile, ikikonyeza.

Nikampigia Gunnvor: "Hatufiki leo."
Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.
"Hata huku hakuna kijani," akasema.
"Wiki ya tatu sasa, mawingu matupu.
Nilitaka tu mje."

Nje, Eilif alikuwa akikwangua kioo kwa kadi ya benki,
anakwangua, kinaganda, anakwangua.
Nikateremsha vikombe kutoka rafuni:
chake, changu, cha Vytenis,
na cha nne kwa yule wa labda mbili,
aliyekuwa bado amesimama kwenye upepo na kibendera chake.
Nikaburuta mlango, nikamwita.
Viwili vilibaki rafuni,
vikigongana polepole.